Dawa ya upara haijui msimu wa korosho

Novemba, fedha za mnada zikishaingia kwenye akaunti, dirisha la dawa la Mtwara mjini hupata wateja ambao Mei huwaoni. Wanatoka Tandahimba, Newala, Nanyamba na Masasi. Wengine wamefuata bati, wengine pikipiki. Mmoja huvua kofia, huinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, "Dokta, hapa mbele panakimbia. Nipe ile dawa ya nywele." Fedha anayo mkononi na angetaka aanze leo leo. Machi harudi.

Hapo ndipo dirisha lilipotufundisha jambo ambalo vipeperushi havilitilii mkazo. Dawa hizi, finasteraidi ya kumeza na minoksidili ya kupaka, huanza kuonyesha kazi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, yaani wakati uleule ambapo mfuko wa mkulima wa korosho umeanza kukauka. Aliyeanza Novemba akaishia Februari amelipa, amesumbuka, na ameacha kabla hajafika kwenye faida. Kwa sababu hiyo tunaanza na hesabu ya mwaka mzima, dawa baadaye.

Lakini hata hesabu haina maana kama kichwa chenyewe hakina upara wa kiume. Upara huu una njia yake: nywele hurudi nyuma kwenye pembe mbili za paji la uso, au hupungua utosini, au yote mawili hadi yakutane. Pembeni na kisogoni hubaki. Huja polepole kwa miaka, hauwashi, hauumi, hautoi usaha. Mtu mwenye kiraka cha duara kilichotokea ndani ya wiki mbili, laini kama kiganja, ana tatizo jingine. Mwenye magamba na nywele zilizokatika juu kidogo ya ngozi huenda ana mapunye, na hayo yanataka dawa ya fangasi. Vipele vigumu vya kisogoni vinavyoachwa na mashine ya kinyozi navyo si upara huu. Nywele zilizonyofoka viraka viraka, kama nguo iliyoliwa na nondo, zinadai kipimo cha kaswende kabla ya kitu kingine chochote. Tumeona watu wakipaka dawa ya upara juu ya mapunye kwa miezi, na kovu likabaki pale ambapo nywele zingeweza kurudi. Ukiwa na shaka, muone daktari kwanza. Hospitali za Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda na Nyangao zote zina mahali pa kuanzia.

Chumvi ya bahari haileti upara, wala kofia, wala salfa ya mikorosho, ijapokuwa salfa huwasha ngozi ya kichwa na kumfanya mtu aanze kuangalia nywele zake kwa makini. Kinachofanya kazi ni urithi na homoni. Testosteroni hugeuzwa na kimeng'enya kimoja kuwa homoni kali zaidi iitwayo DHT, na mashina ya nywele yaliyorithi udhaifu huo husinyaa kila mzunguko hadi yatoe nywele laini za malaika tu. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za familia za Jamhuri ya Dominika zilizozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Wanaume wao walikuwa na tezi dume ndogo, na nywele za mbele hazikurudi nyuma. Wazo la kuizuia DHT kwa kidonge lilitoka huko. Ndiyo maana finasteraidi ilianza kama dawa ya tezi dume, ya miligramu 5, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992, kisha mwaka 1997 ikaja ya miligramu 1 kwa ajili ya nywele.

Kwenye boksi utaiona imeandikwa Finasteride. Dozi ya nywele ni miligramu 1 kwa siku, mara moja, kwa chakula au bila chakula. Mwezi wa Ramadhani hunywewa wakati wa futari au daku bila shida yoyote. Huko kwetu tatizo ni kwamba kidonge cha miligramu 1 mara nyingi hakipo, na kile cha miligramu 5 kipo kwa sababu ya wazee wa tezi dume. Madaktari wengi huandika robo ya kidonge cha 5, yaani miligramu 1.25 kwa siku. Tofauti hiyo ndogo haidhuru. Ila cheti lazima kiseme "robo" waziwazi, maana makosa matatu hujirudia hapa. Wapo wanaomeza kidonge kizima ili nywele ziharakishe. Wapo wanaomeza robo nne kwa siku, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kwa kuwa wameona vipande vinne. Na wapo waliouziwa cha 5 kwa cheti cha 1 bila kuambiwa neno. Kuongeza dozi hakuleti nywele zaidi. Miligramu 1 tayari hupunguza DHT ya ngozi ya kichwa kwa takriban asilimia 60, na 5 haiongezi sana juu ya hapo.

Kukata kwenyewe kuna adabu yake. Tumia kikata vidonge, kile kiboksi kidogo chenye wembe ndani, usikate kwa kisu cha jikoni juu ya ubao wa vitunguu. Kata kidonge kimoja tu kwa wakati, upate siku nne. Wengi hukata boksi zima Jumapili moja na kuweka vipande kwenye kichupa. Kwa unyevu wa pwani kuanzia Mikindani hadi Kilwa, vipande hivyo hulainika na kumong'onyoka, na ukifika wa mwisho hujui umemeza robo au vumbi. Vidonge vizima vibaki kwenye foili yake, ndani ya boksi, mahali palipo chini ya nyuzi 30. Dirishani kwenye jua, juu ya friji na kwenye dashibodi ya bajaji hapafai. Robo nne hazitalingana sawasawa, na hilo lisikusumbue, kwa kuwa athari ya dawa hukaa siku kadhaa na hujisawazisha.

Sasa hesabu. Boksi la vidonge 30 vya miligramu 5, ukila robo, ni siku 120. Maboksi matatu ni siku 360, karibu msimu hadi msimu. Kama boksi lina vidonge 28, matatu hukupa siku 336, kwa hiyo unahitaji vidonge vingine 8 kufunga mwaka. Kwa mtu wa mshahara hili ni jambo la kila mwezi. Kwa mtu wa korosho au ufuta ni jambo la siku moja, ile siku fedha zinapoingia.

Hata hivyo usinunue ya mwaka siku ya kwanza. Nunua vidonge 10, siku 40, uone mwili wako unasemaje. Fedha ya maboksi mengine itengwe wakati huohuo, kabla bati halijala. Ukiwa salama baada ya siku 40, rudi ununue yote, ukiangalia tarehe ya kuisha isiangukie katikati ya mwaka wako. Mzigo mwingi hutoka Dar es Salaam kwa barabara, na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika Somanga. Asiye na akiba ya mwezi mmoja kabla ya masika anaweza kukosa dawa bila kosa lake. Ukikosa siku mbili tatu usifidie kwa kumeza mara mbili, endelea pale ulipoishia. Ukikosa wiki mbili na zaidi, DHT huwa imekwisha kurudi pale ilipokuwa.

Je, inafaa gharama hiyo? Katika majaribio makubwa ya mwanzo, yaliyohusisha wanaume 1,553 wa miaka 18 hadi 41, nywele za utosini zilihesabiwa baada ya miaka 2. Kati ya kila 100 waliotumia dawa, 83 hawakupungukiwa, dhidi ya 28 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Soma neno hilo vizuri: hawakupungukiwa. Kazi kubwa ya kidonge hiki ni kuzuia zilizopo zisiondoke. Zinazorudi ni za ziada, na hurudi zaidi utosini kuliko kwenye pembe za mbele. Mtu ambaye kichwa kimeng'aa kwa miaka kumi hana cha kuzuia, na tunamwambia hivyo hata kama ameshatoa noti. Halafu wengi wa waliopimwa kwenye majaribio hayo walikuwa wazungu. Homoni ni ileile na sababu ni ileile, lakini asilimia hizo usizichukue kama ahadi kwa kichwa cha Mmakonde au Mmwera.

Sasa lile ambalo kila mwanamume huliuliza mwisho, akiwa ameshashika kitasa cha mlango: nguvu za kiume. Linastahili kuzungumzwa mwanzo, na kwa utulivu. Katika majaribio, karibu wanaume 4 kwa kila 100 waliotumia dawa waliripoti tatizo la tendo la ndoa, hamu kupungua, uume kulegea au manii kuwa machache, dhidi ya kama 2 kati ya 100 wasiopewa dawa. Kwa wengi hali hiyo huisha wakiacha, na kwa wengine huisha hata wakiendelea. Lakini wapo ambao tatizo lilibaki baada ya kuacha, na tangu mwaka 2012 maelezo rasmi ya dawa hii Marekani yanalitaja hilo. Hatulifichi. Woga nao una nguvu yake: utafiti uliofanyika Italia, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wagonjwa wa tezi dume walioelezwa mapema kuhusu madhara haya waliyapata mara nyingi zaidi kuliko wasioelezwa. Jibu letu si kunyamaza. Kabla ya kidonge cha kwanza mtu ajiulize hali yake ikoje sasa, aiandike: hamu, usingizi, pombe, presha, kisukari. Bila kumbukumbu hiyo, kila usiku mbaya utawekwa kwenye akaunti ya dawa, au kinyume chake, tatizo la kweli la dawa litasingiziwa uchovu wa shamba.

Kosa baya zaidi huja baada ya hapo. Mtu akihisi kulegea haachi finasteraidi, anaongeza vumbi la Kongo au kidonge cha nguvu alichopewa na rafiki. Sasa ana dawa mbili tatu mwilini, moja haijulikani ina nini, na hakuna anayeweza kusema kipi kinafanya nini. Acha kwanza, mwambie aliyekuandikia, subiri.

Kuna la pili ambalo halisemwi sana vijiweni, nalo linatuhangaisha zaidi: moyo kuwa mzito. Huzuni isiyo na sababu, kukosa usingizi, mawazo ya kujidhuru. Mwaka 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha mawazo ya kujiua kama athari inayoweza kuletwa na vidonge vya finasteraidi, vya 1 na vya 5. Hutokea kwa wachache, lakini mtu aliyewahi kuugua sonona aliseme hilo kabla ya kuandikiwa, na anayeanza dawa amwambie angalau mtu mmoja nyumbani. Kaka au mke huyaona mabadiliko kabla ya mwenyewe. Yakija, dawa inaachwa siku hiyohiyo na mtu anapelekwa hospitali. Uvimbe au majimaji kwenye titi la mwanamume navyo vinataka daktari haraka.

Nyumbani kuna jambo moja lisilo na mjadala. Mjamzito, au mwanamke anayeweza kushika mimba, asiguse vipande vilivyokatwa wala vumbi lake, na asimeze kabisa. Mtoto wa kiume aliye tumboni anaihitaji DHT ili viungo vyake vya siri vikamilike. Kidonge kizima kimefunikwa kwa ganda, hivyo kukishika hakuna tabu, lakini kidonge kilichokatwa kimefunuliwa. Akate mwenyewe baba mwenye dawa, afute meza, anawe mikono, kikata vidonge kikae na vyake. Na ikiwa shemeji au dada nywele zimenyofoka pembeni kwa kusukwa kwa kuvutwa sana, asigawiwe kidonge cha kaka yake kwa huruma. Kinachopita kwenye manii ni kidogo mno, ingawa vipeperushi vingine hushauri kondomu mke akiwa mjamzito. Wanandoa wanaotafuta mtoto kwa muda mrefu bila mafanikio wamweleze daktari kuhusu dawa hii, maana kwa baadhi ya wanaume hupunguza ubora wa mbegu, na hali huwa nzuri zaidi wakiacha. Damu nayo usichangie hadi mwezi mmoja upite tangu kidonge cha mwisho, kwa sababu hujui itaingia kwa nani.

Kwa waliovuka miaka 45 tunaongeza jambo moja. Kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, hushuka kwa karibu nusu ukitumia finasteraidi, hata ile ya miligramu 1. Baada ya miezi sita ya dawa, majibu ya 2.5 yasomwe kama 5. Daktari asiyejua kwamba unameza dawa ya nywele anaweza kukuambia uko salama wakati huko salama. Mzee anayeona haya kuitaja dawa ya upara mbele ya daktari kijana ajikaze aitaje.

Minoksidili ni njia nyingine kabisa, haigusi homoni. Ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaota nywele hadi mashavuni, ndipo ikatengenezwa ya kupaka. Ya maji ya asilimia 5 hupakwa mililita 1 asubuhi na mililita 1 usiku, kwenye ngozi kavu ya kichwa, siyo juu ya nywele. Chupa ya mililita 60 ni siku 30 kamili, chupa 12 kwa mwaka. Kwa mwenye kipato cha msimu hapa ndipo wengi huanguka, na ushauri wetu ni huu: afadhali kidonge peke yake mwaka mzima kuliko vyote viwili kwa miezi mitatu.

Dawa inataka kama saa nne kichwani kabla ya maji. Kwa anayeswali, nafasi nzuri ni baada ya Alfajiri na baada ya Isha. Ukipaka saa 11 na nusu asubuhi, hadi udhu wa Adhuhuri dawa imeshazama. Usiku paka saa 2 na nusu, lala saa 4, ili isihamie kwenye mto na kukuotesha nywele usoni. Osha mikono. Maji haya yana spiriti, hivyo yakae mbali na kibatari na sigara hadi yakauke. Siku ya kupuliza salfa ruka ile ya asubuhi, kwa kuwa jasho huiosha na ngozi iliyokwisha kukauka kwa dawa huchoma ikikutana na vumbi la salfa. Anayewashwa na kutoka magamba mara nyingi hasumbuliwi na minoksidili yenyewe, ni propilini glikoli iliyochanganywa humo. Ile ya povu haina kitu hicho.

Kati ya wiki ya pili na ya nane nywele huweza kudondoka zaidi ya mwanzo. Zile zilizozeeka husukumwa nje na zinazoanza kuota. Hapa wengi hutupa chupa. Tunawaambia siku ya kwanza, tunaandika juu ya boksi kwa kalamu, na bado baadhi hurudi wamekasirika. Mapigo ya moyo yakienda mbio, miguu ikivimba au kichwa kikizunguka, acha na uende hospitali.

Chupa ikae juu, mbali na watoto. Kila mililita ina miligramu 50, ambayo ni zaidi ya dozi ya kawaida ya siku nzima ya mgonjwa wa presha mtu mzima. Kijiko kimoja kinaweza kumwangusha mtoto.

Minoksidili ya vidonge kwa dozi ndogo, na dutasteraidi ya miligramu 0.5, kidonge kingine cha kuzuia DHT, zipo, na kuna madaktari wanaoziandika kwa upara. Ya kwanza inataka presha na moyo vipimwe kwanza, na isichanganywe kiholela na dawa za nguvu, maana zote hushusha presha. Ya pili hukaa mwilini miezi mingi baada ya kuacha, kwa hiyo madhara yake nayo hayaondoki haraka, na damu usichangie kwa miezi sita. Hizi si za kuombea dirishani.

Mafuta yasiyo na orodha ya vilivyomo, yanayouzwa stendi kwa jina la kuotesha nywele, tuyaache. Mengine yana steroidi kali ambazo hukondesha ngozi. Dawa halali ina jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na ukitia shaka unaweza kuangalia kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Kioo cha saluni hakikufai kupima maendeleo, kwa sababu unakiangalia kila wiki na mabadiliko ni ya miezi. Piga picha nne kwa simu siku unayoanza: mbele, pembe mbili, utosi. Piga siku tatu baada ya kunyolewa, kwa namba ileile ya mashine, ukiwa kivulini penye mwanga wa nje, nywele kavu. Rudia kila baada ya miezi mitatu mahali palepale. Kama mwaka umetimia, dozi haikuruka, na picha ya Oktoba hii ni mbaya kuliko ya Oktoba iliyopita, dawa haijakusaidia, na hakuna haja ya kununua maboksi mengine matatu. Ukiacha, kile ilichokuwa imekishikilia kitaondoka ndani ya miezi isiyozidi 12. Kuna wanaofika hapo wakamwambia kinyozi anyoe zote, na fedha ya dawa ikaenda kwenye ada ya shule. Hilo nalo ni uamuzi halali, hatujawahi kumshawishi mtu kinyume chake.

Anayeendelea aje na boksi tupu, picha za simu na daftari lake, kabla fedha za mnada wa kwanza hazijapata kazi nyingine.